Fidia si kifuta machozi

Basi likipinduka, mwenye basi huja msibani na bahasha. Huitwa kifuta machozi au mkono wa pole, na wafiwa hushukuru. Kushukuru si vibaya, ila bahasha hiyo ni hisani. Fidia ni deni.

Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na Waislamu wanalijua kwa Ramadhani: mzee asiyeweza kufunga hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Hakuna anayemlaumu kwa uzee wake. Anajaza pengo, basi. Maana hiyo ya kujaza pengo bila kumtafuta mkosaji ndiyo iliyomo katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania ya 2008. Aliyekatwa kidole na mashine kazini halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri, na michango ya Mfuko wa fidia ulioundwa na sheria hiyo hulipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara.

Barabarani mambo ni mengine. Hapo mdai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha uzembe wa dereva, na mahakama yaweza kupunguza kiasi ikiona majeruhi naye alichangia, tuseme alipanda bodaboda bila helmeti.

Magazeti (nalo hili limo) huandika "walipewa fidia" kwa kila noti iliyotoka mfukoni mwa mtu. Tuache. Na wewe uliyepokea bahasha, usitie saini karatasi usiyoielewa, kwani huenda bado una haki ya kudai fidia mahakamani: Tanzania na Kenya, kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3.