"Nipigie Pasi": Maana za Neno la Mkopo na Wajibu wa Kamusi

Jioni yoyote pale Kawe, Dar es Salaam, kauli "Nipigie pasi" huweza kutoka vinywani mwa watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka jambo lake. Katika viwanja vya Tanganyika Packers, jirani na mahali kilipokuwa kiwanda cha nyama za kopo, winga aliyeachwa bila mlinzi anaitamka kwa sauti ya juu: anataka mpira. Nyumba ya pili ya tatu, kaka mtu anaitamka huku akimkabidhi mdogo wake shati la kuvaa kesho: anataka linyooshwe. Kitenzi ni kile kile, kauli ya kutendea ni ile ile, nomino ni ile ile. Hakuna anayechanganyikiwa.

Isimu imetupa istilahi mbili za kulieleza jambo hili. Neno moja likiwa na maana kadhaa zinazohusiana, tunasema kuna polisemia; maneno tofauti yakigongana katika umbo tu, tunasema kuna homonimia. Wanakamusi wetu wameifuata tofauti hiyo. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981, homonimu hupewa vidahizo vyake na kutofautishwa kwa namba ndogo, na maana za neno moja hukusanywa chini ya kidahizo kimoja. Kanuni hiyo ni nzuri. Ugumu huanza kwenye maneno yaliyotoka Kiingereza, kwa kuwa huko yalikotoka tayari yana maana lukuki, na sisi tuliosomeshwa kwa Kiingereza tuna mazoea ya kuzitazama maana zetu kwa kupitia zile za kule. Hoja yangu ni kwamba mazoea hayo yanapotosha. Neno la mkopo halihami na ukoo wake mzima. Maana moja huingia leo kwa mlango huu, nyingine kesho kwa mlango mwingine, na zikishaingia huishi kwa sheria za Kiswahili.

Tuchukue neno la Kiingereza "pass". Kwa Mwingereza, mpira, mtihani, muswada bungeni, njia ya kukatiza milimani, hata kifo, vyote hukaa ndani yake. Kiswahili hakikulipokea furushi hilo lote. Muswada tunaupitisha kwa kitenzi chetu wenyewe, na kitenzi hicho hicho kimezaa matumizi ya kisiasa ambayo hayakutoka popote ila hapa: mgombea aliyepita bila kupingwa. Aliyekufa tunasema amefariki. Milimani tunapita njia au korongo. Kilichobaki na kuvaa umbo la "pasi" ni vipande vichache tu, na kila kimoja kina historia yake.

Mpira wa miguu ulikuwa ukichezwa katika shule ya wamisionari ya Kiungani, Unguja, kabla karne ya 19 haijaisha. Ukasambaa mitaani, ukazaa klabu. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zinajulikana na kila mtoto. Halafu ukaingia redioni, ambako watangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walilazimika kumfanya msikilizaji aone kwa masikio. Katika kazi hiyo ya kutangaza mpira, pasi ilizaa wana wengi: pasi fupi, pasi ndefu, pasi mpenyezo, pasi ya kisigino, pasi ya mwisho. Ikapata na vitenzi. Mchezaji humpasia mwenzake, na timu iliyotulia hupasiana mpaka wapinzani wachoke. Viambishi hivyo vinastahili kutazamwa, kwa sababu neno likishakubali kauli ya kutendea na ya kutendana limekwisha kuwa mwenyeji.

Pasi ya mtihani ilipita mlango mwingine kabisa. Ilikuja na mitihani ya shule za kikoloni, na wazee waliosoma zama hizo bado husema fulani "alipasi". Mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi Tanzania, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likaundwa, kufaulu kulikwisha kushika nafasi katika matangazo na vyeti. Kupasi hakukufa, ila kulishuka daraja, kukabaki neno la barazani. Kenya, jambo hilo hilo lilichukua njia nyingine, na mwanafunzi huko husemwa amepita mtihani. Lugha moja, chanzo kimoja cha Kiingereza, matokeo mawili. Ushahidi huu peke yake unatosha kuonyesha kwamba mzigo hauji ukiwa umefungwa pamoja.

Mlango wa tatu ni wa ofisi. Pasi ya kusafiria, au pasipoti, ni hati inayotolewa na Idara ya Uhamiaji, na tangu Januari 2018 ilipozinduliwa ya kielektroniki watu wengi zaidi wamelizoea jina lake. Lakini ingia kwenye stesheneri yoyote ya Kawe. Mwanafunzi anayekwenda kuanza kidato cha kwanza anamwambia mpiga picha, "Kaka, naomba pasipoti." Anaulizwa, "Ngapi?" Anajibu, "Nne." Anakalishwa kwenye stuli mbele ya pazia la buluu, anaambiwa anyanyue kidevu, na baada ya muda mfupi anapewa picha zake nne zikiwa zimekatwa kwa mkasi. Hajavuka mpaka wowote wala hafikirii kuvuka. Kwake pasipoti ni picha ndogo ya uso, na maana hiyo imetokana na ukubwa wa picha iliyokuwa ikibandikwa kwenye hati. Huu ni ukuaji wa maana kwa ukaribu wa vitu, na mzungumzaji asiyejua hata neno moja la Kiingereza anaumudu bila shida.

Upo mtihani rahisi wa kupima kama maana mbili zinakaa katika neno moja. Zifunge kwa kitenzi kimoja uone kama sentensi itasimama. "Amepasi mtihani na usaili" inasimama. "Amepiga pasi shati na mpira" inachechemea, na msikilizaji atacheka kabla hajaelewa. Kwa hiyo pasi ya nguo na pasi ya uwanjani ni maneno mawili kwa wanaoyatumia, na hapo ndipo kamusi inapopaswa kuwasikiliza. Kuna na pasi nyingine, ile ya "pasi na shaka", iliyoundwa na pa- ya mahali na -si- ya kukanusha; ndugu yake ni "pasipo". Hakuna anayethubutu kuichanganya na ya mpira. Uangalifu huo tunaoipa pasi ya Kibantu unastahili kupewa na zile za mkopo.

Nitajibiwa kwamba chimbuko la neno ni jambo zito, na kwamba kuzitenganisha pasi za mpira, mtihani na safari ni kuficha undugu wake. Naukubali uzito wa chimbuko. Lakini habari ya chimbuko inamfaa mwanahistoria wa lugha, na nafasi yake ni mwishoni mwa kidahizo. Anayefungua kamusi kutafuta maana anahitaji mpangilio unaofanana na ulivyo akilini mwa jamii yake. Mpangilio wa Kiingereza humfunga mwanafunzi mara mbili: unampa picha isiyo ya kweli kuhusu Kiswahili, kisha anapoingia sekondari, ambako masomo ni kwa Kiingereza, anadhani neno analijua tayari kumbe anajua kipande chake tu.

Polisemia ya kweli, ile iliyokomaa mikononi mwetu, ipo, na haimo katika "pass" ya Mwingereza. Vijana wa vyuo na vibarua wa Dar es Salaam husema wanapiga pasi ndefu. Maana yake ni kula chai nzito saa tano asubuhi, chapati na maharage, kisha kukaa hivyo hivyo mpaka chakula cha usiku. Mama lishe akiuliza, "Mwanangu, leo huli mchana?" anajibiwa, "Leo pasi ndefu, mama," naye anaelewa, anafunika sufuria. Mpira mrefu huruka juu ya viungo wa kati na kumkuta mshambuliaji. Siku nayo inarushwa juu ya mlo wa mchana. Sitiari hii ni sahihi, na imebeba hali ya maisha ambayo takwimu za bei ya unga haziielezi kwa ukaribu huo. Ni aibu kuiacha nje kwa kisingizio kwamba ni lugha ya mitaani. Mahali pake ni chini ya pasi ya mpira, kama maana iliyozaliwa nayo, ikiwa na alama ya matumizi ya mazungumzo na mfano mmoja wa sentensi kutoka kwa mtu aliyeshinda na chai.