Bibi Asahauye Leo Aikumbuka 1955

Aliyekuwa na miaka 12 kule Mgeta mwaka 1955 sasa amevuka 80. Aliona wakubwa wake wakilazimishwa kuchimba matuta mapana, chini ya mpango wa wakoloni wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru ulioanza 1950. Kazi ilikuwa nzito, na udongo usio na rutuba ukaletwa juu. Mwaka huo wa 1955 hasira zilifumuka Matombo, upande wa pili wa mlima, na mpango ukafa.

Leo bibi huyo akishikwa na maradhi ya usahaulifu, huenda asijue kama amekunywa chai. Wajukuu husema amechanganyikiwa, akae ndani. Wengine, aibu yao, hunong'ona uchawi. Lakini maradhi haya kwa kawaida hula kwanza mambo ya jana. Ya ujanani hudumu.

Nao Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na mipaka mingi ya mashamba imo vichwani mwa wazee. Basi mpeni jembe, mkae naye kwenye njegere, mumwulize nani alilima wapi. Akirudia mara tatu, anayeandika atapata nafasi ya kusahihisha.