Inaingia Akilini, Lakini ni Kweli?

Kuna neno la Kiingereza, "plausible", ambalo wengi wetu hulitafsiri haraka haraka kuwa "-a kuaminika". Hapo, ndugu msomaji, tunapunjwa. Neno hilo halisemi kwamba jambo ni la kweli. Lasema tu kwamba linaingia akilini. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupiga makofi. Waingereza walipolipokea, katika karne ya 16, lilihusu mambo yanayostahili kushangiliwa. Baadaye likageuka: jambo linapendeza masikioni, ndani huenda hamna kitu.

Wakubwa wakaona linawafaa. Mwaka 1948 Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani lilitoa agizo kuhusu shughuli za siri: zipangwe kwa namna ambayo, zikigundulika, serikali iweze kukana na ikaaminika. Yaani uongo unatengewa nafasi yake kabla ya kitendo chenyewe. Si mchezo, bwana!

Sasa twende Katanga. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Tarehe 13 Februari waziri wa Katanga, Godefroid Munongo, akatangaza kwamba wafungwa hao walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Ukiisikia hivi hivi, inaingia akilini. Wafungwa hutoroka, na wanakijiji huweza kuua. Lakini kijiji kinaitwaje? Hakukitaja. Makaburi je? Hakuyaonyesha. Angeyaonyesha vipi, ilhali maiti zilikwisha kukatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali?

Ilichukua miaka 40. Mwaka 2001 kamati ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa nchi hiyo walibeba dhima ya kimaadili. Juni 2022, mjini Brussels, familia ya Lumumba ikakabidhiwa jino moja, lililokuwa limehifadhiwa na polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuziharibu maiti. Jino tu, basi.

Sisi tunaojifunza kuandika hadithi tunahangaika usiku kucha ili zile za kubuni ziingie akilini, na hiyo si dhambi. Ila mtu akikuletea hadithi iliyonyooka mno juu ya marehemu, usikimbilie kupiga makofi. Muulize kwanza: hicho kijiji kinaitwaje?