Karne ya Virunga na gunia la makala la Kibumba

Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilitimiza miaka 100 tarehe 21 Aprili 2025, miezi mitatu hivi baada ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Hata hivyo habari za karne hiyo hazikukosa kuandikwa, na wahusika ni wale wale: mfalme wa Ubelgiji, gorila wa milimani, waasi, askari wa hifadhi waliouawa kazini. Gunia la makala, yaani makaa ya kuni, hupewa aya moja, tena karibu na mwisho. Mimi naanza nalo, kwa sababu limekula miti mingi kuliko bunduki zote zilizopita hapa, na kwa sababu kila aliyewahi kupika maharage Goma ana mkono wake humo.

Kibumba iko chini ya kilomita 30 kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru, kati ya Nyiragongo na Mikeno. Ni mahali pa baridi, udongo mweusi wa volkano na kabichi kubwa kubwa. Viazi na karoti vinavyoliwa Goma vingi vinateremka kutoka huko, na kwa miaka mingi vimeteremka juu ya chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini ambayo Goma imeijengea sanamu. Kwenye chukudu hiyo hiyo, juu ya kabichi au pembeni yake, hufungwa gunia lililojaa kupita mdomo, limezibwa kwa majani na kusukwa kamba juu. Hayo ndiyo makala.

Historia ya mwanzo inajulikana. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Kwanza alitangaza hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika, ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1969 ikawa Virunga, na mwaka 1979 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wenyeji walizuiwa kukata miti, wakaendelea kukata kidogo kidogo.

Kisha ikaja Julai 1994. Ndani ya siku chache, mwishoni mwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Wanyarwanda mamia ya maelfu walivuka mpaka kuingia Kivu ya Kaskazini, na karibu 200,000 kati yao wakawekwa Kibumba, juu ya mwamba wa lava usio na mto wala kisima. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika kambi za Goma mwezi wa kwanza. Picha za maiti zilizoviringishwa mikeka kando ya barabara zilizunguka dunia nzima.

Kilichofuata hakikupigwa picha sana. Waliopona walipewa mahindi, maharage makavu na mafuta. Chakula kilikuja kwa ndege na malori kutoka mbali, lakini moto wa kukipikia haukuja. Maharage makavu hula saa nyingi za moto, na mita chache kutoka mahemani ulianza msitu wa hifadhi. Makumi ya maelfu ya watu wakawa wanaingia humo kila siku, wengi wao wanawake na watoto, wakitoka na mzigo kichwani. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuja kuanza kuleta kuni kwa malori na kugawa majiko yanayobana moto, wakati kingo za msitu zikiwa zimeshabaki visiki. Hadi kambi zinafungwa, zaidi ya kilomita 100 za mraba za hifadhi zilikuwa zimeguswa na mapanga. Desemba 1994 UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na imo hadi leo.

Lakini hadithi ya wakimbizi waliokata miti ili wasife njaa ni nusu tu ya mambo. Mwanahistoria Mfaransa Gérard Prunier ameandika hesabu iliyofanywa katika kambi tano za Goma, na mimi sijawahi kuisoma bila kusimama: baa 2,324, migahawa 450, maduka 589, vinyozi 62, maduka ya dawa 51, mafundi cherehani 30, mabucha 25, majumba ya sinema matatu, hoteli mbili, moja ya ghorofa iliyojengwa kwa mabaki ya vitu. Baa 2,324! Nyama ya mabucha ilichomwa kwa makala, na kila sufuria ya migahawa ilikaa motoni. Ulikuwa mji kamili, wenye wanunuzi, wauzaji na matajiri wake, na makala yalikuwa bidhaa kama sabuni. Mengine yalivuka kwenda kuuzwa Goma, ambako wenyeji waliyanunua bila kuuliza yametoka wapi. Kambi ya Kibumba ilishambuliwa na kuvunjika mwishoni mwa Oktoba 1996. Watu wakaondoka, wateja wa Goma wakabaki.

Kilo moja ya makala katika tanuri la udongo huhitaji kilo saba hivi za kuni, mara nyingi zaidi. Magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, huwashwa na kuachwa yaungue polepole kwa siku kadhaa. Mti wa asili hutoa makala mazito, na mnunuzi mzoefu sokoni huchukua vipande viwili akavigonganisha. Vikilia kama chuma, analipa. Ya mkaratusi wa kupandwa huwaka haraka na kuisha haraka, kwa hiyo mama mwenye sufuria ya maharage huyakwepa. Hapo ndipo msitu unapoamuliwa, na hesabu ya mama huyo haina kosa hata moja.

Mwaka 2007 biashara hiyo ilifika kwa gorila. Julai mwaka huo dume kubwa, Senkwekwe, na majike wa familia yake walipigwa risasi, wakaachwa hapo na nyama yao yote. Majangili hawaachi nyama. Wachunguzi wakageukia makala: Paulin Ngobobo, mkuu wa askari wa sekta ya kusini, alikuwa akiwabana wachomaji, na wengi waliamini kuwa gorila waliuawa ili kumtisha. Ngobobo mwenyewe alikamatwa. Picha ya Senkwekwe akibebwa juu ya machela ya fito na umati wa wanakijiji iliwaliza watu Ulaya na Marekani, na sina uhakika ni wangapi kati yao waliwahi kujiuliza Goma inapikia nini.

Majibu yaliyokuja baadaye yalikuwa ya maana. WWF ilianzisha mradi wa EcoMakala wa kupanda miti ya kuni nje ya hifadhi, majiko bora yakasambazwa, na mwaka 2015 kituo cha umeme wa maji cha Matebe kilianza kutoa megawati 13.8 za umeme. Ila jiko la umeme hununuliwa kwa pesa ya mara moja. Makala hununuliwa kwa kopo, kulingana na kilichopatikana siku hiyo.

Vita vya M23 viliporudi, watu wa Kibumba wenyewe wakawa wakimbizi kando ya Goma, na wanawake wao wakaingia tena hifadhini kutafuta kuni. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walieleza jinsi wengi wao walivyobakwa njiani. Kambi zao zilivunjwa Februari 2025. Sokoni Goma anayenunua kopo bado analipa zaidi kwa kilo kuliko anayenunua gunia zima, na wenye uwezo wa gunia ndio hao hao wenye uwezo wa jiko la umeme.