UZI: "Wafungwe tu!" Je, sheria kali imewahi kutusaidia dhidi ya HIV?

1/ Kwenye mijadala ya siasa kuna kauli moja haikosi makofi: "Anayeambukiza wengine HIV kwa makusudi afungwe maisha!" Ukijaribu kuuliza kuhusu haki za wanaoishi na virusi, unaambiwa unatetea wahalifu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si wakili wala daktari. Sitataja chama wala mwanasiasa. Nataka tu tupitie historia yetu wenyewe, halafu kila mtu aamue.

2/ Tuanze mwanzo. Kisa cha kwanza cha Ukimwi Kenya kilirekodiwa 1984. Serikali ilitangaza ugonjwa huu kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Hiyo ni miaka 15. Katikati hapo watu walizikwa na familia zikisema ni "homa" au "amerogwa". Kuna waliopimwa bila kuulizwa, wakapoteza kazi bila hata kuelezwa sababu. Sheria maalum ya kuwalinda haikuwepo.

3/ Shida ya pili ilikuwa bei. Karibu mwaka wa 2000, dawa za ARV za kampuni kubwa zilifika takriban dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani hapa kwetu angezimudu? Februari 2001, kampuni ya India inayoitwa Cipla ikasema inaweza kuziuza kwa mashirika ya misaada kwa dola 350 kwa mwaka. Dawa ni ile ile, mtengenezaji tu ndiye tofauti.

4/ Lakini bei kushuka India haimaanishi dawa imefika Busia. Kulikuwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuuza peke yake. Ndiyo maana Bunge lilipopitisha Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, wanaharakati walipigania ifungue mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Watu husahau hii. Kabla ya kuwa suala la hospitali, ARV ilikuwa suala la sheria.

5/ Halafu ikaja Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006. Ilikuwa na nyuso mbili. Uso wa kwanza: hakuna kulazimishwa kupimwa ili upate kazi, shule, bima au ndoa. Hakuna kubaguliwa. Siri yako ilindwe. Ikaunda hata jopo maalum la kusikiliza kesi hizi, ili mnyonge asipotelee kwenye foleni ya mahakama za kawaida.

6/ Uso wa pili ulikuwa kifungu cha 24. Ukijua una virusi, ni lazima umwambie mapema yeyote unayekutana naye kimapenzi. Usipofanya hivyo, kifungo hadi miaka 7, faini hadi shilingi 500,000, au vyote viwili. Daktari naye akaruhusiwa, kwa masharti fulani, kumwambia mwenzako.

7/ Sasa soma tena hilo neno: UKIJUA. Kosa linaanza pale unapojua. Asiyepimwa hana la kujibu. Kwa hivyo sheria inamwambia nini kijana anayesitasita nje ya kituo cha VCT? Inamwambia rudi nyumbani, kutojua ni salama zaidi. Na ni nani hupimwa kwanza katika familia nyingi? Ni mama, kwa sababu hupimwa kliniki akiwa mjamzito. Yeye ndiye anajua kwanza, kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza kushtakiwa, hata kama hakuanza yeye.

8/ Machi 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho. Ilisema maneno yake hayaeleweki, mtu hawezi kujua wazi ni nani hasa anatakiwa kumwambia, na kwamba kinaingilia faragha inayolindwa na Katiba. Si ati majaji waliruhusu watu kuambukizana. Walisema huwezi kumfunga mtu kwa kosa ambalo mipaka yake haijulikani.

9/ Miaka mitatu kabla ya hapo kulikuwa na kesi nyingine. Sheria ya 2008 dhidi ya bidhaa ghushi ilieleza "ghushi" kwa upana kiasi kwamba hata dawa halali za bei nafuu zingeweza kunaswa bandarini. Watu watatu wanaoishi na HIV wakaenda kortini. Aprili 2012 walishinda. Mahakama ilisema haki ya uhai, utu na afya haiwezi kuwekwa chini ya faida ya mwenye hataza.

10/ Tena Februari 2015, serikali iliagiza makamishna wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na HIV, walezi wao, na akina mama wajawazito. Nia iliyotajwa ilikuwa kupanga huduma vizuri. Lakini orodha ya majina kijijini haifichiki, na mtoto ndiye atakayetaniwa darasani. Desemba 2016 Mahakama Kuu ilisema agizo hilo lilivunja Katiba.

11/ Wacha niwe mkweli kwa upande wa pili. Mtu aliyedanganywa na mchumba wake ana uchungu wa haki, na hasira yake si ujinga. Na sheria bado ina meno: kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinatoa kifungo kisichopungua miaka 15, hadi maisha. Kilipingwa kortini, na mwaka wa 2022 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kukifuta. Kwa hivyo anayesema "hakuna sheria" anawadanganya.

12/ Swali langu ni kama meno hayo yanazuia maambukizi. Kinachozuia tunakijua: mtu akimeza ARV ipasavyo mpaka virusi visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini ili ameze lazima apimwe, na ili apimwe lazima asiogope daktari, chifu, mwajiri wala polisi. Hapo ndipo haki za binadamu zinapoingia.

13/ Kwa hivyo mgombea yeyote akisimama jukwaani na kusema "wafungwe", msimzomee. Muulizeni mambo matatu. Dawa za mwaka ujao zitalipwa na nani? Nani analinda faili yangu kliniki? Na hiyo sheria yako mpya itamfanya mtu aende kupimwa, au itamfanya ajifiche? Akijibu hilo la tatu vizuri, mimi binafsi nitamsikiliza.