Mwambao wa Rumonge katika Filamu Zilizorekodiwa Kwingine

Filamu ya kubuni ni ushahidi wa kihistoria, ila aghalabu si ushahidi wa jambo inalodai kulisimulia. Hutupa zaidi habari za walioitengeneza: nani walimwona kuwa mtu, nani walimwona kuwa sehemu ya mandhari tu, na ni yapi hawakuona haja ya kuyauliza. Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kushuka kusini hadi Rumonge na Nyanza-Lac, unafaa sana kwa somo hili. Filamu mashuhuri zinazouhusu, ama kwa jina ama kwa asili ya kisa chake, zilirekodiwa kwingine. The African Queen (1951) ilirekodiwa Kongo, Uganda na katika studio za London. Primeval (2007) ilirekodiwa Afrika Kusini. Petit Pays (2020) ilirekodiwa Rwanda. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika filamu, mwenye macho huambiwa tazama hapa, na kwa hivyo huzuiwa kutazama pale.

Tuanze na ile kongwe. The African Queen iliongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Mwaka ni 1914, vita vimeanza, na Rose, dada wa mmisionari wa Kiingereza, anateremka mtoni kwa mashua chakavu ya mvuke pamoja na nahodha Charlie. Nia yao ni kuizamisha Louisa, meli ya Wajerumani inayolinda ziwa. Katika riwaya, ziwa lenyewe limepewa jina la kubuni, lakini asili ya kisa haina mafumbo. Ni Tanganyika, na meli iliyochochea kisa ni Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg nchini Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya huko. Iliingia majini mwaka 1915. Wakati huo mwambao wa Rumonge ulikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na meli hiyo ndiyo iliyotawala ziwa.

Waingereza nao walipeleka boti mbili ndogo kutoka Afrika Kusini, zikapita nchi kavu na mito ya Kongo hadi ziwani. Ziliitwa Mimi na Toutou. Mwanafunzi wa Kiswahili atatabasamu akiliona jina la kwanza, lakini halikutoka katika lugha yetu. Ni majina ya mzaha ya Kifaransa, ya paka na mbwa. Boti hizo zilipandishwa milima na kupenyezwa porini kwa mashine, kwa maksai na kwa mikono ya vibarua wengi wa Kiafrika. Mwezi Desemba 1915 ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Sasa itazame filamu upya ukiwa na swali moja tu: vibarua wale wako wapi? Filamu inafunguka kanisani. Wanakijiji wanaimba wimbo wa Kizungu wasioujua, kelele tupu, na mtazamaji anaalikwa acheke. Baadaye askari wa Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga watu. Kuanzia hapo, ukiwaacha askari wachache walio upande wa adui, Waafrika karibu wanatoweka kabisa katika hadithi. Wanabaki wapenzi wawili, mto na mbu. Katika vita halisi, wapagazi wa Kiafrika waliofariki wakiutumikia upande wa Waingereza peke yao wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Simlaumu Huston kwa kutengeneza kisa cha mapenzi. Alikitengeneza vizuri, na Bogart alistahili tuzo yake ya Oscar. Nasema tu kwamba kutoweka huko ni habari. Kunatuonyesha jinsi Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ilivyokumbukwa London na Hollywood mwaka 1951, miaka kumi tu kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Kisha kuna mwisho wa meli. Katika filamu, Louisa inalipuka na kuzama. Katika historia, Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mitambo yake waliipaka grisi kwanza, ili isioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 2015, Burundi ilipotikiswa na mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mpaka, milima na ziwa. Kipindupindu kilizuka. Njia ya kutoka ilikuwa majini, na chombo kilichowabeba kwenda Kigoma, mamia kwa kila safari, kilikuwa Liemba. Meli ambayo sinema iliizamisha ndiyo iliyowavusha watu wa mwambao huu, miaka mia moja baada ya kuingia majini.

Primeval si filamu nzuri, wala sitaitumia nafasi kubwa. Inamhusu Gustave, mamba mkubwa wa mto Rusizi na mwambao wa kaskazini wa ziwa, ambaye kweli alikuwapo. Jina hilo alipewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyejaribu bila mafanikio kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma. Idadi ya watu 300 walioliwa hutajwa sana, ila haijathibitishwa. Tangazo la filamu lilimwita muuaji bila kusema kwamba ni mamba, na kisa kimejaa wapiganaji wenye silaha. Lakini tazama kinachokianzisha. Warundi wameliwa kwa miaka mingi. Shirika la habari la Marekani linatuma waandishi baada ya mtaalamu mzungu, mwanamke aliyekuwa akichunguza kaburi la halaiki, kuuawa na mamba huyo. Kaburi lenyewe halimshughulishi mtu. Ni mandhari ya mamba.

Hapa ndipo Rumonge inapodai nafasi yake. Ni mji wa wavuvi na wa mawese. Usiku mitumbwi huunganishwa, taa huwashwa kuvuta dagaa, wanaoitwa huko ndagala, na asubuhi samaki huanikwa juani. Kiswahili kilifika katika mwambao huu na biashara ya misafara ya karne ya 19 iliyopitia Ujiji, na mpaka leo kinasikika sokoni na bandarini sambamba na Kirundi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka hapa Rumonge na sehemu nyingine za kusini, na waasi wa Kihutu wakawaua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya nchi nzima yaliyowalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wanajeshi. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kufika 300,000. Warundi wanayaita ikiza, yaani janga.

Waliookoka walikimbilia Tanzania na Kongo, wengine kwa mitumbwi. Ardhi yao katika tambarare ya Rumonge ikagawiwa watu wengine, na sehemu yake ikawa mashamba ya michikichi. Walipoanza kurejea kwa wingi, baada ya miaka thelathini na zaidi, walikuta familia nyingine zimezaa na kuzika katika viwanja vile vile. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilirithi kesi hizo. Nani mwenye shamba, aliyefukuzwa au aliyelilima miaka thelathini kwa hati ya serikali? Swali hilo lingetosha filamu kubwa kuliko mamba yeyote. Lakini mwongozaji wake angelazimika kusimamisha kamera kwenye shamba la michikichi na kuwapa nafasi ya kusema watu wawili wanaoamini, kila mmoja kwa haki yake, kwamba mwenzake amekaa kwake.

Warundi wenyewe wametengeneza filamu. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya Burundi. Kijana anarudi Bujumbura kutoka Paris na shahada, akiamini uwaziri unamsubiri. Hausubiri, na wanawake wawili aliowadanganya wanamtia adabu. Ni ya kuchekesha, na hakuna anayekufa. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikafuata, kwa hivyo leo filamu hiyo inatuonyesha mji ambao ulikuwa bado unaweza kujicheka. Petit Pays, iliyotokana na riwaya ya Gaël Faye, inaanzia karibu na pale Ngabo alipoishia, lakini inatazama mji huo huo kwa macho ya mtoto anayejua utakavyokuwa.

Ukitaka ya kuanzia mazoezi, chukua Na Wewe ya Ivan Goldschmidt, filamu fupi ya dakika 19 iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2011. Waasi wanasimamisha basi dogo barabarani na kuwatenga abiria, Wahutu huku, Watutsi kule, na kila anayeulizwa ana maelezo yanayouvuruga mstari. Kichwa chake hakihitaji kamusi. Kisikilize, kisha kumbuka mara ya mwisho ulipoyatamka maneno hayo mawili: pengine ukimkaribisha mtu mezani, pengine ukimrudishia salamu. Katika filamu yanatamkwa kwenye kizuizi, bunduki ikiwa mkononi, na sarufi ni ile ile.