Athari ya Kerr katika tando nyembamba za sumaku

Athari ya Kerr ya sumaku ni badiliko linaloupata mwanga uliopolarishwa, yaani mwanga unaotikisika katika bapa moja tu, unapoakisiwa na uso wenye usumaku. Bapa hilo huzunguka kidogo, na mtikisiko uliokuwa mstari mnyoofu hugeuka duaradufu jembamba. Kwa kuwa kiasi cha mzunguko hufuata usumaku wa uso, mwale wa leza unaweza kusoma hali ya utando wenye unene wa nanomita chache bila kuugusa. Isichanganywe na athari ya Kerr ya umeme, ambayo mtu yuleyule aliitangaza mwaka 1875.

Mwaka 1845, jijini London, Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku huzungusha bapa la mwanga unaopenya kioo kizito chenye risasi. John Kerr, Mskoti aliyefundisha katika chuo cha ualimu cha kanisa mjini Glasgow, aliushughulikia mwanga unaorudi: alimulika ncha ya sumakuumeme iliyong'arishwa na kutangaza matokeo yake mwaka 1876. Pieter Zeeman aliiandikia athari hiyo tasnifu ya udaktari huko Leiden kabla ya ugunduzi uliompa jina. Hata hivyo, wataalamu wa tando waliichangamkia zaidi baada ya 1985, pale Moog na Bader wa maabara ya Argonne, Marekani, walipoitumia kupima tabaka za chuma zenye unene wa atomu chache zilizowekwa juu ya dhahabu.

Chanzo kimo katika elektroni. Mwanga wa bapa moja ni jumla ya miali miwili inayozunguka, mmoja kulia na mwingine kushoto. Ndani ya metali yenye usumaku, mizunguko hiyo miwili haipokelewi sawa, kwa sababu spini ya elektroni imefungamana na mwendo wake. Mmoja ukichelewa kuliko mwenzake, bapa huzunguka. Mmoja ukififia zaidi, duaradufu hutokea.

Upimaji hufanywa kwa mikao mitatu. Katika mkao wa kipolari usumaku unasimama wima juu ya uso, na ishara ndiyo kubwa kuliko zote. Katika mkao wa mrefu usumaku umelala juu ya uso, sambamba na bapa la mwale unaoingia na kutoka. Hapa mwale lazima uje kwa mshazari. Mkao wa tatu ni wa mkingamo, ambapo hakuna mzunguko wowote ila mwangaza unaoakisiwa huongezeka au kupungua.

Ugumu uko katika udogo wa pembe. Hata chuma kinene katika mkao wa kipolari hakifikishi digrii moja, na mkao wa mrefu hutoa sehemu ndogo tu ya hapo. Hakuna anayeipima pembe hiyo moja kwa moja. Hugeuzwa kuwa mwangaza. Mwale hupita kichujio cha kwanza, hugonga utando, kisha hupita kichujio cha pili kuelekea kigunduzi. Mtu angedhani vichujio vikingamane kabisa ili giza liwe totoro. Hilo ni kosa: mwangaza unaovuja hufuata mraba wa pembe, kwa hiyo kuzunguka kulia na kuzunguka kushoto hutoa jibu lilelile. Kichujio cha pili hulegezwa digrii moja au mbili. Kikilegezwa digrii moja, mzunguko wa digrii 0.01 unaogeuka upande hadi upande hubadili mwangaza kwa takriban asilimia 4, kiasi ambacho fotodaiodi ya kawaida hukiona. Anayetaka usahihi zaidi huongeza kifaa kinachotikisa polarisho kwa masafa ya takriban kilohezi 50, ili kelele za leza zichujwe kielektroniki.

Uga ukipandishwa na kushushwa, grafu huchora kitanzi cha histeresisi. Umbo lake ni la kuaminika: linaonyesha uga unaohitajika kuugeuza usumaku, na kama utando unageuka ghafla au polepole. Urefu wake ni jambo jingine. Hutegemea rangi ya leza, pembe ya mwale na tabaka zilizo chini, hivyo hautoi usumaku kamili bila kulinganishwa na magnetomita. Mwanga haupenyi metali zaidi ya nanomita 10 hadi 20 hivi, na vilivyo chini zaidi havionekani. Lenzi na madirisha yaliyo ndani ya uga nayo huongeza mzunguko wa Faraday, kwa kawaida kama mstari wa mshazari ambao hutolewa kwenye hesabu.

Mwaka 2017 njia hii ilithibitisha kwamba iodidi ya kromu yenye tabaka moja tu ni sumaku chini ya kelvini 45 hivi. Tabaka moja lilitoa kitanzi kamili. Tabaka mbili hazikuonyesha karibu chochote bila uga, kwa kuwa usumaku wake ulielekea pande mbili zinazopingana. Kisha uga ulipofika takriban tesla 0.65, ishara iliruka ghafla. Tabaka tatu zikarejesha kitanzi.